Goltzius au Tempesta: Ulinganisho wa Chapa za Kale Zinazoonyesha Binadamu Akigeuka Umbo

Mtu anayetafuta chapa moja ya kale, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi kutoka bamba la shaba au ubao uliochongwa, yenye kisa cha binadamu kugeuka mnyama au mti, iwe ni ya kutundika ukutani, ya kufundishia visasili vya Kigiriki na Kirumi, au ya kuanzia mkusanyiko wake, hukutana mapema na majina mawili: Hendrick Goltzius wa Haarlem, Uholanzi, na Antonio Tempesta wa Florence, Italia. Wote wawili walitoa picha zao katika Metamorphoses, shairi refu la Ovid, mshairi wa Kirumi, na kazi zao zilitoka katika kizazi kimoja, za Goltzius zikianza kuonekana mnamo 1589 na za Tempesta zikichapishwa Antwerp mwaka 1606. Pamoja na ukaribu huo, ni vigumu kazi ya mmoja kujaza pengo la mwenzake, na anayenunua au kupakua ya huyu akidhani ameipata ile ya yule hujuta. Nitazilinganisha hizo mbili kwa kirefu, kisha nitazigusa kwa ufupi chapa za ubao za Virgil Solis na michoro ya Picasso ya mwaka 1931, kwa sababu nazo hujitokeza kila mtu anapotafuta picha za visa hivi.

Kwanza ni vyema kujua tatizo ambalo wachoraji hawa walipaswa kulitatua. Ovid alizaliwa Sulmo mwaka 43 kabla ya Kristo, na mwaka 8 baada ya Kristo mfalme Augustus alimhamishia Tomis, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ambako alikaa hadi kufa. Shairi lake lina vitabu 15 na mistari inayokaribia 12,000, na karibu kila kisa ndani yake humalizika kwa kiumbe kupoteza umbo lake. Mshairi ana nafasi ya kwenda hatua kwa hatua: nywele zinakuwa majani, mikono inakuwa matawi, miguu iliyokuwa ikikimbia inanasa ardhini kuwa mizizi. Mchoraji hana nafasi hiyo. Akichora kabla ya tukio, tunaona mtu tu. Akichora baada yake, tunaona mbwa mwitu au mti, na hakuna kinachotuambia kwamba huyo aliwahi kuwa na jina. Kwa hiyo karibu wote waliamua kuchora katikati, kiumbe akiwa nusu huku na nusu kule, na hapo ndipo tofauti ya mchongaji na mchongaji inapojitokeza. Kipimo ninachokitumia katika ulinganisho huu ni hicho: je, picha inamshika vipi mtu aliye katikati ya maumbo mawili, na je, tunaendelea kumwona mtu baada ya kumwona mnyama?

Tuanze na Lycaon, kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza kugeuzwa katika shairi lote. Alikuwa mfalme wa Arcadia. Jupiter, mkuu wa miungu, alishuka duniani akiwa katika umbo la binadamu ili auone uovu wa watu kwa macho yake, akaingia katika nyumba ya mfalme huyo jioni. Watu wa kawaida walianza kumwomba, Lycaon akawacheka. Akapanga kumuua mgeni usiku akiwa usingizini, ili ajulikane kama ni mungu kweli au ni mtu, na hata hilo halikumtosha: akamchinja mateka mmoja, nyama nyingine akaichemsha na nyingine akaibanika, akamwandalia mgeni mezani. Jupiter akaiangusha nyumba kwa moto. Lycaon akakimbilia mashambani, akajaribu kusema, sauti ikatoka kama mlio wa mnyama. Mavazi yake yakawa manyoya, mikono ikawa miguu. Jambo ambalo Ovid analisisitiza ni kwamba mvi zake zilibaki zile zile, ukali wa uso ule ule, na macho yaling'aa kama yalivyong'aa zamani. Kwa maneno mengine, adhabu haikumbadilisha tabia. Ilimwondolea tu kifuniko.

Goltzius alilielewa hilo. Katika chapa yake ya Lycaon, mfalme anakimbia akiwa na kichwa cha mbwa mwitu juu ya mwili wa mwanamume mwenye nguvu. Ukiitazama picha ile kwa karibu, hasa katika nakala kubwa ya kidijitali, unaona kwamba kazi yote imefanywa na mstari. Mchongaji wa shaba hakuwa na rangi ya kijivu. Alikuwa na wino mweusi na karatasi nyeupe peke yake. Goltzius na wanafunzi wake walikuwa mabingwa wa mstari unaonenepa na kukonda: patasi nyembamba ya chuma husukumwa ndani ya shaba, ikizama zaidi pale panapohitaji kivuli na kupanda taratibu pale panapohitaji mwanga, hivi kwamba mstari mmoja huanza kama unywele, hunenepa ukizunguka msuli, kisha hufifia tena. Mistari hiyo ikipishana hufanya vyumba vidogo vyenye umbo la almasi, na mara nyingi katikati ya kila chumba huwekwa nukta moja ili kivuli kisiwe kizito mno. Kwenye bega la binadamu mistari hufuata mviringo wa nyama kwa utulivu, lakini kwenye manyoya hukatika na kuwa mifupi na mikali. Macho yako huvuka mpaka huo kabla hujajua kwamba umeuvuka. Sijaona mahali pengine ambapo ufundi wenyewe wa kuchonga unafanya kazi ya kisa kwa namna hii.

Inafaa kusema hapa kwamba jina la Goltzius kwenye chapa hizi lina maana maalumu. Yeye ndiye aliyebuni na kuchora michoro ya awali, lakini mabamba yenyewe yalichongwa katika karakana yake na mikono ambayo haikuandika majina. Makumbusho mengi kwa hiyo huziandika kama kazi zilizofanywa kwa kufuata michoro ya Goltzius, na anayenunua asishtuke akiona hivyo, wala muuzaji asimtoze kana kwamba bamba lilichongwa na bwana mwenyewe. Mkono wa Goltzius mwenyewe una historia ya kustaajabisha: akiwa mtoto aliungua vibaya motoni, na mkono wake wa kulia ukabaki umekunjamana maisha yote. Mwaka 1588 aliuchora mkono huo kwa kalamu, na mchoro huo umehifadhiwa katika makumbusho ya Teylers mjini Haarlem. Wapo wanaoamini kwamba mkono usiofunguka vizuri ulimfaa mtu wa patasi, kwa sababu nguvu ya kuchonga hutoka begani zaidi kuliko vidoleni. Sina hakika na hoja hiyo, ila ukizitazama chapa zake huwezi kuipuuza.

Kila karatasi ya mfululizo huo ina ukubwa wa takriban sentimita 17 kwa 25, upana ukizidi urefu, na chini ya picha kuna mistari ya shairi la Kilatini iliyotungwa na Franco Estius. Mfululizo wote una chapa 52, na ndani ya takwimu hiyo umo udhaifu wake mkubwa. Goltzius aliianza kazi kama mtu aliyekusudia kulichora shairi lote kisa kwa kisa. Chapa 40 zilitoka kwa mafungu mawili ya ishirini ishirini, fungu la mwisho la chapa 12 likachapishwa mwaka 1615, na baada ya hapo kazi ikasimama ikiwa bado katika vitabu vya mwanzo. Ikiwa kisa unachokipenda ni cha Arachne, mfumaji aliyegeuzwa buibui na Minerva, au cha wakulima wa Lycia waliogeuzwa vyura, usihangaike kukitafuta hapa, kwa sababu vyote viwili vimo katika kitabu cha sita, ambako mfululizo haukufika.

Hapo ndipo Tempesta anapochukua nafasi. Yeye alilichora shairi lote kuanzia kuumbwa kwa ulimwengu hadi kitabu cha kumi na tano, jumla ya chapa 150, na Pieter de Jode akazichapisha Antwerp. Kila moja ina upana wa kama sentimita 12 na urefu wa kama 10, yaani inaenea kwenye kiganja cha mtu mzima, na chini yake kuna namba pamoja na maelezo mafupi ya Kilatini yanayotaja kisa. Tempesta hakuchonga kwa patasi, alitumia asidi. Bamba la shaba hupakwa tabaka la nta, mchoraji akachora juu yake kwa sindano kama anavyochora kwenye karatasi, kisha bamba likazamishwa katika asidi, nayo ikala shaba pale tu sindano ilipoondoa nta. Njia hiyo ni ya haraka mno ikilinganishwa na patasi, na mtu aliyeacha zaidi ya chapa elfu moja katika maisha yake alihitaji haraka. Mstari wa asidi haunenepi na kukonda kwa ulaini ule wa Goltzius; una unene karibu sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na ncha yake huishia butu. Kwa upande mwingine una uhai wa mkono unaochora bila kusita.

Tempesta alisifika kwa mawindo, vita na farasi, kwa hiyo si ajabu kwamba nguvu yake huonekana pale kisa kinapokuwa na mbio. Mfano ulio wazi ni Actaeon, kijana mwindaji aliyepotea njia msituni akamkuta Diana akioga pamoja na wahudumu wake. Mungu huyo wa kike hakuwa na mishale karibu, akachota maji kwa mkono na kummwagia usoni, na pembe za ayala zikaanza kumwota kichwani. Kisha mbwa wake mwenyewe, ambao Ovid anawataja kwa majina zaidi ya thelathini kana kwamba anasoma orodha ya wanafunzi darasani, wakamfukuza na kumrarua. Actaeon alitaka kupaza sauti awaambie kwamba yeye ndiye bwana wao, lakini maneno hayakumtoka. Kisa hiki kinahitaji mbwa wanaokimbia kweli, na Tempesta anawajua mbwa. Kichwa cha ayala juu ya mwili wa mwindaji hakimtishi mtazamaji kwake kama kichwa cha Lycaon kinavyotisha kwa Goltzius. Ni alama zaidi kuliko jeraha, ishara ya kutuambia tupo wapi katika hadithi. Ukishaielewa ishara hiyo unageuza ukurasa, na kisa kinachofuata kinakungoja.

Huo ndio msingi wa tofauti yao, na unapaswa kutawala uchaguzi. Chapa ya Goltzius inakusimamisha. Unaweza kukaa nayo mwaka mzima ukutani na ukaendelea kugundua namna mstari fulani unavyopinda nyuma ya goti. Chapa moja ya Tempesta, ikitengwa na wenzake na kuwekwa ndani ya fremu kubwa, huonekana kupwaya, kwa sababu ilitengenezwa kuwa kiungo katika mlolongo. Lakini kumi au ishirini zikiwekwa pamoja, au mfululizo mzima ukipitiwa kwenye kompyuta huku shairi likisomwa kwa sauti, hakuna kazi ya zama zile inayomwongoza msomaji vizuri zaidi yake.

Daphne ni mtihani mwingine unaofaa, kwa sababu hapa binadamu hawi mnyama bali mti, na ni vigumu zaidi kuonyesha hofu ya mti. Mungu Apollo alimdhihaki Cupid, mungu wa mapenzi, kwa kubeba upinde akiwa mtoto. Cupid akampiga Apollo kwa mshale wa dhahabu unaowasha mapenzi, na Daphne, binti wa mto Peneus, akampiga kwa mshale wa madini ya risasi unaoyafukuza. Apollo akamkimbiza. Nguvu zilipomwishia, Daphne alimwomba baba yake amwondolee umbo lake lililopendeza kupita kiasi, na hapo hapo uzito ukamwingia viungoni, gome laini likamfunika kifua, akawa mti wa loreli. Apollo alipoweka mkono kwenye shina aliuhisi moyo wa Daphne ukidunda chini ya gome. Wachoraji karibu wote huchagua wakati ule ule: mwanamke mikono juu, majani yakichipuka vidoleni, na mungu nyuma yake akiwa hatua moja tu mbali naye. Suluhisho hilo lilikuwa limezoeleka Italia kabla ya Goltzius na Tempesta, na hakuna hata mmoja wao aliyeliacha.

Kinachomtofautisha Goltzius ni kile alichokifanya baadaye. Kwa sababu alikuwa na nafasi ya chapa ishirini kwa visa vichache, aliweza kumpa karatasi nzima Peneus akiwa amezungukwa na miungu ya mito mingine waliokuja kumliwaza baada ya kumpoteza binti yake. Ovid anaitaja ziara hiyo kwa mistari michache tu, akiongeza kwamba miungu hiyo ya mito haikujua kama impongeze baba huyo au impe pole. Katika chapa hiyo hakuna anayegeuka, kwa hiyo mtu anayetaka tukio la kugeuka lenyewe ataipita; lakini kwa anayependa kuona mageuko yanavyowaachia wengine majonzi, napendekeza aiweke Daphne na Peneus ubavu kwa ubavu. Tempesta, aliyekuwa na vitabu kumi na vitano vya kumaliza, hakuwa na nafasi ya kukawia namna hiyo.

Kuhusu mahali pa kuiweka picha, tuseme wazi. Visa hivi vimejaa watu walio uchi, na Goltzius hasa aliupenda mwili uliotuna misuli na kupindwa kupita kawaida, mtindo uliofika Haarlem kupitia michoro ya Bartholomeus Spranger ambayo mchoraji mwenzake Karel van Mander alikuja nayo mwaka 1583. Sebuleni kwa wengi wetu, au katika darasa la shule ya msingi, Diana akioga au Jupiter akimrubuni Callisto havitakaa vizuri. Lycaon ana shida nyingine, maana mwalimu atalazimika kueleza ile nyama iliyokuwa mezani. Kwa watoto ningechagua wakulima wa Lycia bila kusita: Latona, mama wa Apollo na Diana, alifika ziwani na kiu akiwa amewabeba watoto wake wachanga, wakulima wakamkataza kunywa, wakaruka ndani ya maji ili tope litibuke, naye akawalaani wakae humo milele. Ovid anasema kwamba hata chini ya maji waliendelea kujaribu kutukana. Mtoto yeyote aliyesikia vyura wakipiga kelele usiku wa masika anakielewa kisa hicho bila ufafanuzi, na picha yake ipo katika mfululizo wa Tempesta.

Virgil Solis wa Nuremberg ni chaguo la watu wa namna tofauti. Chapa zake 178 za Ovid zilitoka Frankfurt mwaka 1563, baada ya yeye kufariki mwaka 1562, na nyingi ni nakala zilizogeuzwa kushoto kulia za picha za Bernard Salomon zilizochapishwa Lyon mwaka 1557. Hizi ni chapa za ubao: sehemu nyeupe ndizo zinazochongwa na kuondolewa, na mistari inayobaki imeinuka ndiyo inayopakwa wino, ndiyo maana ziliweza kuchapwa pamoja na herufi kwenye ukurasa mmoja wa kitabu. Mstari wake ni mzito na wa moja kwa moja. Actaeon wa Solis, mwenye kichwa cha ayala na mavazi ya mwindaji, anatambulika hata picha ikipunguzwa hadi ukubwa wa stempu. Kama unatafuta picha ya kuweka kwenye jalada la kitabu kidogo, kwenye kipeperushi, au mahali popote pasipo na wino mzuri, Solis atakufaa kuliko wote. Kama unatafuta kina, hatakupa, na sioni sababu ya kukaa kwake zaidi.

Picasso anahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 1931 mchapishaji Albert Skira alitoa Lausanne toleo la shairi la Ovid lenye michoro 30 ya Picasso, nakala 145 tu. Ni mistari mitupu isiyo na kivuli hata kidogo, na kwa uzuri wa mstari pekee inaweza kusimama mbele ya Goltzius bila aibu. Tatizo ni kwamba mtu anayeifuata kwa ajili ya kugeuka hataambulia mengi. Picasso alichagua mapambano, vifo na mapenzi: Tereus akimkabili Philomela, kifo cha Orpheus, Cephalus akimuua mkewe Procris kwa bahati mbaya. Mara nyingi ule wakati wa umbo kubadilika haupo kabisa. Zaidi ya hayo, Picasso alifariki mwaka 1973, na haki za kazi zake bado zinalindwa Ufaransa na kwingineko Ulaya, kwa hiyo huwezi kuchukua picha hizo na kuzichapa upendavyo kama unavyoweza kwa kazi za miaka mia nne iliyopita.

Suala la kupata picha zenyewe siku hizi si gumu. Rijksmuseum ya Amsterdam imeweka picha kubwa za chapa zake mtandaoni ili watu wazipakue bila malipo, na Metropolitan Museum ya New York ilifungua picha za kazi zisizo na haki za umiliki kwa matumizi yoyote tangu 2017. Kwa wasomaji wengi nakala nzuri iliyochapwa kutoka kwenye mafaili hayo inatosha, lakini kuna jambo la kiufundi linalowatofautisha tena wachoraji wetu wawili. Mistari ya Goltzius imekaribiana mno. Ukiichapa ndogo kuliko ukubwa wake wa asili, vyumba vile vya almasi hujifunga na kivuli huwa doa jeusi, na kwenye kioo cha simu hujitokeza mawimbi ambayo hayamo kwenye karatasi. Yeye achapwe kwa ukubwa wa asili au mara mbili yake, kwenye karatasi isiyong'aa. Tempesta anavumilia kukuzwa mara tatu na hata zaidi, kwa sababu mstari wa asidi ukikuzwa hubaki kuwa mstari wa kalamu, na baadhi ya chapa zake hupendeza zaidi zikiwa kubwa kuliko alivyozichora.

Anayetaka karatasi halisi ya zamani ana mambo ya kuchunguza. Mbwa wa Actaeon na manyoya ya Lycaon ndivyo vitu vya kwanza kupotea bamba linapochoka, kwa maana shaba ni laini na kila karatasi inayopitishwa kwenye mashine hulisaga kidogo. Nakala ya mapema ya Goltzius ina weusi mzito kwenye vivuli na mistari myembamba kabisa bado inaonekana kwenye sehemu zenye mwanga. Nakala ya baadaye ni ya kijivu, na uso wa mbwa mwitu huonekana kama umepakwa vumbi. Kwa Tempesta tofauti hiyo ipo pia, ila haiumizi sana, kwa kuwa picha yake haikutegemea wembamba wa mstari tangu mwanzo. Tafuta alama ya bamba, yaani bonde dogo linaloizunguka picha pale shaba ilipogandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu. Karatasi nyingi zilikatwa hadi ukingoni na wamiliki wa zamani waliozibandika kwenye albamu, na kukosekana kwa bonde hilo peke yake si ushahidi wa ulaghai. Lakini chukua lenzi uangalie mistari. Ukiona picha imeundwa na nukta ndogo zilizopangwa kwa safu sawasawa, hiyo ni chapa ya mashine ya kisasa hata kama karatasi imechovywa chai ili ionekane kuukuu. Shairi la Estius nalo likague: kwa Goltzius mara nyingi limekatwa, na karatasi isiyo na maneno hayo inapaswa kushuka bei.

Kwa wale walioko Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar au popote pwani, ningewashauri waipe hali ya hewa uzito uleule wanaoipa bei. Karatasi za zama zile zilitengenezwa kwa matambara ya kitani na ni imara kuliko karatasi nyingi za leo, lakini unyevu wa pwani huleta kuvu na madoa ya kahawia, na kioo kikigusana na karatasi moja kwa moja madoa huanza ndani ya msimu mmoja wa masika. Fremu iwe na kadibodi isiyo na asidi inayotenganisha kioo na picha, isitundikwe kwenye ukuta wa nje wala mahali jua linapofika. Asiyeweza kuyatimiza hayo anunue nakala mpya ya Lycaon iliyochapwa vizuri, na fedha inayobaki aitumie kwenye karatasi moja halisi ya Tempesta, ambayo kwa udogo wake inaweza kukaa ndani ya folda kwenye kabati na kutolewa siku ambayo kuna mgeni anayetaka kuiona.

Kati ya zote, kama ningelazimika kubaki na moja, ningeichukua ya Lycaon ya Goltzius, na ningekubali nakala yenye doa au iliyokatwa ukingo mradi tu kichwa na bega viwe vimetoka vizuri. Asipewe mtu anayetaka kisa kilicho chepesi kukaa nacho. Na anayefundisha, au anayelisoma shairi lote kwa mara ya kwanza, asinisikilize katika hilo. Amchukue Tempesta, aanze na chapa namba moja.